Gereji ya Wasomaji: pikapu ya marehemu baba, hedi iliyopasuka na chesisi ya pwani

Barua nyingi za safari hii ni za Hilux za umbo la mwaka 1988 hadi 1997, zile za dizeli zenye injini ya 2L na 3L (hayo ni majina ya injini, si lita). Maswali tumeyafupisha. Vipimo vya 3L tunavyovitaja ni vya injini iliyopoa kabisa.

Shikamooni mafundi. Marehemu baba ametuachia Hilux LN106 ya mwaka 1992, injini 3L. Imekaa chini ya mwembe miaka sita bila kuwashwa. Kaka yangu anataka tuazime betri Jumamosi tuipige stata tuone kama itawaka. Mimi nasita. Tuanzie wapi? – Msomaji, Moshi

Marahaba, na poleni kwa msiba. Umefanya vizuri kusita; mwambie kaka hiyo betri ibaki hukohuko iliko. Injini iliyolala miaka sita, oili yote imeshuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kuta za silinda ni kavu na ringi zinaweza kuwa zimenata kwa kutu. Stata ina nguvu ya kutosha kuvunja ringi iliyonata. Kibaya zaidi ni taimingi belti. Kwenye 3L belti hiyo inazungusha kemshafti na pampu ya dizeli kwa pamoja. Muda wake wa kubadilishwa ni kila kilomita 100,000, lakini mpira uliokunjwa kwenye puli ileile miaka sita hukauka na kupasuka hata kama kilomita hazijatimia. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu, na kazi ya mchana mmoja inageuka kazi ya hedi, kile kichwa cha juu cha injini chenye valvu.

Anzeni kwa kutoa plagi za hita (zile zinazopasha silinda kabla ya kuwasha), zote nne. Silinda zikiwa wazi injini inazungushika kwa mkono, na matundu hayohayo ndiyo mtakayopitishia oili safi ya injini, kijiko kimoja cha chai kila silinda. Iacheni hadi kesho yake. Kisha tieni soketi kwenye boliti ya puli ya krenki, zungusheni taratibu kwa mwelekeo wa saa, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, msiongeze bomba kwenye mpini. Rudisheni nyuma kidogo, ongezeni oili, subirini siku nyingine. Ikiwa inagoma palepale kila mara, kama inayogonga ukuta, kuna valvu iliyonata au kitu kimeangukia ndani, na hapo hedi inatoka.

Plagi zikiwa mkononi, someni volti iliyochapwa ubavuni kabla ya kwenda dukani. Hilux hizi zilitoka na mifumo tofauti ya kupasha, na baadhi hutumia plagi za volti ndogo kuliko 12. Muuzaji akikupa za volti 6 na mfumo wako ukawa wa 12, ncha zinaungua. Ncha ikidondoka, inadondokea ndani ya injini.

Injini ikizunguka bila kugoma, badilisheni belti pamoja na beringi yake ya kukazia, na mkague oili sili za kemshafti na krenki, kwa sababu oili ikivujia belti mpya inaila. Alama za kupanga ni tatu: krenki, kemshafti na pampu ya dizeli. Hiyo ya pampu ndiyo husahaulika. Ikikosewa jino moja tu gari litagonga na kutoa moshi mweupe, au litakosa nguvu kabisa, na watu wataanza kulaumu nozeli (vipulizia dizeli). Ukishafunga, zungusha krenki kwa mkono mara mbili. Alama zote tatu zirudi mahali pake. Zisiporudi, fungua upya.

Dizeli ya miaka sita imwageni yote. Teremsheni tenki, maana chini yake mtakuta maji na utelezi mweusi unaovutika kama mlenda. Hivyo ni vijidudu vinavyoota pale maji yanapokutana na dizeli, na vinaziba filta ndani ya kilomita chache. Suuzeni kwa lita 5 za dizeli safi, mara mbili. Wekeni filta mpya, na mabomba yote ya mpira ya mafuta yawe mapya, hata yale membamba ya kurudishia yaliyo juu ya nozeli. Yakichanika, yanavuta hewa usiku na gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi.

Oili ya injini mwageni, wekeni filta mpya, tieni lita 5 kwanza kisha mfuate kijiti cha kupimia. Pamoja na filta itachukua karibu lita 6. Sasa ndiyo betri iletwe. Chomoeni waya wa valvu ya kuzimia ulio kwenye pampu ya dizeli ili mafuta yasiingie, funikeni matundu ya plagi kwa kitambaa (ile oili mliyoweka itaruka), pigeni stata sekunde 10, pumzisheni dakika moja, rudieni hadi taa ya oili izime. Taa isipozima baada ya mara tano au sita, simameni. Tafuteni kwa nini pampu ya oili haivuti.

Halafu rudisheni plagi na waya, mtoe upepo kwenye mfumo wa mafuta. Legezeni nati ya bomba linaloingia kwenye pampu ya dizeli na mpige pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Mwanzoni litatoka povu jeupe, kisha dizeli yenye viputo vichache, kisha dizeli tupu inayong'aa. Kazeni nati mkono ukiwa bado umekandamiza pampu, maana ukiuachia kabla ya kukaza hewa inarudi. Mwishoni legezeni nati za mabomba ya nozeli kwa spana namba 17, nusu mzunguko tu, pigeni stata hadi kila moja ilowe, kisha mkaze. Msikinge kidole hapo. Mafuta ya nozeli yanapenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama kitundu ni kidogo kama cha sindano.

Ikishawaka, isiende hata getini kabla breki hazijafunguliwa. Mpira wa masta silinda na wili silinda ukikaa miaka sita kwenye mafuta yaliyonyonya unyevu, mara nyingi pedali inakuwa imara mara mbili za kwanza, ya tatu inazama.

Hilux yangu 3L inapunguza maji kidogokidogo, hakuna panapovuja. Kwenye mlima inapanda moto. Fundi ametoa thermostati akasema tatizo limeisha, lakini maji bado yanapungua. Nifanyeje? – Msomaji, Iringa

Kutoa thermostati ni dawa ya mafundi wengi na hatuipendi. Chunguza ile iliyotolewa: kama chini yake ina kisahani cha pili, kazi ya kisahani hicho ni kuziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Tambarare utaona geji imeshuka, ila kwenye mlima kama Kitonga, pale inapohitajika, joto linapanda kuliko mwanzo.

Maji yanayopotea bila kuonekana, kwenye 2L na 3L, mtuhumiwa wa kwanza ni hedi yenyewe. Hedi hizi zina chemba ndogo ambamo dizeli inaanzia kuwaka, na chuma kilicho kati ya chemba na viti vya valvu ni chembamba. Injini ikichemka mara moja tu vizuri, ufa unaanzia hapo.

Kipimo hakihitaji mashine. Asubuhi, injini baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi shingoni, washa. Viputo viwili vitatu vya mwanzo ni hewa iliyonaswa, si kitu. Lakini vikiendelea mfululizo, vidogovidogo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, maji yakiwa bado baridi, hiyo ni gesi ya silinda. Rudisha kifuniko na ushike bomba la juu: likiwa gumu kama tairi ndani ya dakika mbili, wakati maji hayajapata moto wa kutosha kujaza presha, jibu unalo. Kama hujaridhika, omba gereji yenye pampu ya kupimia rejeta iweke presha jioni na kutoa plagi za hita. Asubuhi piga stata. Silinda inayorusha maji ndiyo yenye ufa au gasketi iliyokatika.

Hedi ifunguliwe injini ikiwa baridi, boliti zilegezwe kuanzia ncha kuelekea katikati, kila moja kidogokidogo kwa raundi mbili au tatu. Ukianza na za katikati unaipinda mwenyewe. Ipelekwe ikapimwe kwa presha ndani ya maji ya moto, si baridi, kwa kuwa ufa mwembamba hujifunga chuma kikipoa. Kisha upimwe unyoofu kwa rula ya chuma na fila gej (vibati vya kupimia mwanya): zaidi ya milimita 0.20 haifai kurudishwa ilivyo. Kuchonga kuna mipaka. Kila kinachochongwa kinasogeza valvu karibu na pistoni, kwa hiyo viti vya valvu lazima vishushwe pia. Hedi iliyokwisha kuchongwa mara moja na sasa ina ufa, usiitilie pesa. Nunua nyingine.

Hapa wengi hukosea: gasketi ya hedi ya 3L ina unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F. Haichaguliwi kwa kukisia. Unapima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku kwa saa ya kupimia, zote nne, unachukua iliyochomoza zaidi, kisha unalinganisha na jedwali la injini. Ukipewa nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni inaweza kugusa. Nene kupita kiasi, mgandamizo unashuka na asubuhi za Iringa gari litakusumbua. Ukifika dukani Kariakoo na muuzaji akakuambia "zote ni zilezile", nenda duka la jirani.

Kukaza, anza katikati kuelekea nje kwa mzunguko kama wa konokono. Boliti zipakwe oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa. Raundi ya kwanza ni nyutonimita 78 kwa toki renchi. Kisha weka doa la rangi upande wa mbele wa kila kichwa cha boliti, zungusha digrii 90, halafu digrii 90 nyingine. Mwisho madoa yote yatazame nyuma. Doa moja likitazama pembeni ujue umeruka. Valvu za kuingizia ziachiwe nafasi ya milimita 0.20 hadi 0.30, za kutolea 0.40 hadi 0.50.

Na kabla hujawasha, tafuta kilichoichemsha. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba kwa magadi ya maji ya kisima, au klachi ya feni iliyomwaga mafuta yake na sasa inazunguka kivivu. Thermostati nayo ijaribiwe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka kwenye nyuzi zilizochapwa juu yake. Kisha irudishwe. Tia kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri, na uachane na ya bomba.

Chesisi ya Hilux yetu ina tundu la kutu juu ya ekseli ya nyuma. Fundi anataka kubandika bati bapa la kuziba, saa moja kazi imekwisha. Ni sawa? – Msomaji, Tanga

Si sawa, ingawa itapendeza. Chesisi pale imejikunja kupita juu ya ekseli, ni boksi lililofungwa, na matope ya chumvi yanakaa ndani. Tundu unaloliona nje ni mwisho wa safari, kwa sababu kutu ilianza ndani. Bati likibandikwa juu, kutu inaendelea kula nyuma yake gizani.

Pima kwanza ukubwa wa tatizo. Weka gari kwenye stendi imara, si jeki wala matofali, kisha pita na nyundo ndogo kuanzia nyuma ya kebini hadi mkiani. Chuma kizima kinalia *tiii* na nyundo inaruka. Chuma kilicholiwa kinalia *bu* na nyundo inatulia mkononi. Pale panapolia *bu* choma kwa bisibisi nzee kwa nguvu. Pitia zaidi vishikio vya springi, hasa kile cha nyuma chenye pingili, na mahali kebini inapokalia mipira yake. Chora kwa chaki kila sehemu mbovu. Kama chaki imezunguka chesisi pande zote nne mahali pamoja, au imefika kwenye kishikio cha mbele cha springi au boksi la stelingi, kazi hiyo si ya nyumbani. Tafuta chesisi nyingine au fundi mwenye fremu ya kunyooshea.

Kama ni upande mmoja au miwili, kabla ya kukata chochote chukua timazi ya waashi. Idondoshe kutoka kwenye matundu ya chesisi yanayolingana kushoto na kulia, mbele na nyuma, na uweke alama ya chaki sakafuni. Pima mishazari miwili. Iandike. Baada ya kuchomelea pima tena. Ikiwa imetofautiana kwa zaidi ya milimita 5 na ilivyokuwa, joto limevuta chesisi.

Toa tenki na mabomba ya breki yaliyo karibu, chomoa betri, chomoa na waya za alteneta. Kata kwa grenda hadi ufikie chuma kinachong'aa unene wake wote. Pima unene huo kwa vernia na ununue bati la unene huohuo. Nene zaidi si bora, maana chesisi hujipinda kidogo ikitembea, na kiraka kigumu kinahamishia nguvu zote kwenye kingo zake. Ufa unaofuata utatokea sentimita mbili kutoka kwenye weldi. Kwa sababu hiyohiyo kiraka kisikatwe mraba. Kikate ncha zake kama jicho la samaki, ili mshono upite mshazari kwenye chesisi badala ya kuikata wima, na usichomelee kingo za juu na za chini za boksi kwa mstari wa kukatiza. Choma vipande vifupi vya sentimita 3, ruka upande wa pili, acha papoe.

Acha au toboa matundu ya kutolea maji sehemu ya chini kabisa. Nje paka praima ya zinki kisha rangi. Ndani, puliza waksi ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu kupitia matundu hayo. Tunajua Tanga na Pwani nzima watu humwaga oili chafu. Inasaidia miezi michache, lakini inaozesha mipira ya springi na ya kebini, na vumbi likiishika inakuwa tope linalohifadhi unyevu.

Mafundi, hamjambo? LN106 yetu ya shamba inavuja grisi nyeusi nyepesi nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye lile tufe. Makanika amebadilisha ringi ya nje ya manyoya mara mbili. – Msomaji, Kitale

Hatujambo. Ringi ya nje inazuia vumbi na matope tu. Nusa hiyo grisi: ikiwa nyepesi na inanuka oili ya gia, oili ya difu (gia za kati za ekseli) inapita kwenye sili ya ndani, mwishoni mwa bomba la ekseli, na kuyeyusha grisi. Angalia kwanza kipumulio cha difu. Kikiziba kwa matope, difu likipata moto presha inasukuma oili popote penye mwanya, na sili mpya itavuja wiki ileile.

Ukifungua (nati za beringi za habu zinataka soketi ya milimita 54, patasi na nyundo zimeshaharibu nyingi), ule mkono wa stelingi juu ya tufe umeshikwa na vikoni vidogo vya chuma. Gonga ubavuni mwa mkono kwa nyundo ya shaba, vikoni vitaruka vyenyewe. Shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za juu zifunge kwa waya peke yake, za chini peke yake. Osha sivii jointi (kiungo cha ekseli kilicho ndani ya tufe) kwa dizeli, ikaushe, ijaze grisi ya lithiamu yenye moli hadi itokeze upande wa pili, kisha jaza tufe karibu robo tatu. Beringi za tufe zikishafungwa, bila ringi za nje na bila fimbo ya stelingi, vuta mkono kwa mizani ya kuning'iniza: uanze kusogea kwenye kilo 3 hadi 6. Chini ya hapo usukani utatetemeka kwenye barabara ya mawe, punguza shimu. Tatizo la *tak-tak-tak* ukikata kona yote huku umetia gia ya mbele ni sivii jointi iliyokwisha, na grisi haiponyi.

Nataka kuinua Hilux yangu, nifunge tairi za inchi 33 na injini ya 1KZ-TE. Mnashauri? – Msomaji, Kahama

Tairi kwanza. Kama sasa una 205R16, kipenyo chake ni inchi 29 na kidogo. Ukipanda hadi 33 umeongeza karibu asilimia 13: spidomita ikisema 80 unakwenda 90, breki zinapata kazi zaidi, na 3L yenye farasi 91 inakuwa kama imepoteza nusu gia kila mahali. Inchi 31 zinatosha kwa barabara za migodini, na zinahitaji kuinua kidogo tu.

Ukiinua nyuma, kuna jambo ambalo wauzaji wa springi hawalisemi. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu ya breki iliyoungwa kwa fimbo. Inapima mzigo kwa jinsi chesisi ilivyo karibu na ekseli. Ukiinua chesisi, valvu inadhani gari ni tupu siku zote na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa na tani ya saruji. Kishikio cha fimbo upande wa ekseli kiinuliwe kwa kiasi kilekile ulichoinua gari. Mabomba ya mpira ya breki yapimwe ekseli ikiwa inaning'inia hadi mwisho. Yakivutika kama uzi wa gitaa, nunua marefu.

Injini: 1KZ-TE ni nzuri ikiwa ndani ya gari iliyozaliwa nayo. Kwako italeta kompyuta, waya, sampu inayogombana na ekseli, na hedi ambayo nayo ina sifa ya kupasuka. Sisi tungeweka 5L. Ni ya ukoo uleule, sentimita za ujazo 2,986 badala ya 2,779, na inakaa kwenye vishikio vilevile. Namba ya injini ikibadilika ipelekwe TRA iandikwe kwenye kadi kabla trafiki hajaiona. Kenya ni kwa NTSA. Rangi nayo vivyo hivyo.

Assalaam alaykum. Naweza kuipaka rangi pikapu mwenyewe nyumbani? Jaribio la kwanza puti ilivimba, na rangi ikapata ukungu mweupe. – Msomaji, Mombasa

Waalaykum salaam. Puti ilivimba kwa sababu iliwekwa juu ya kutu au juu ya maji ya kompresa. Puti hunyonya unyevu kama sponji. Kwangua hadi chuma kwa msasa namba 80, paka praima ya epoksi, ndipo puti, isiyozidi milimita 3 kwenda chini. Bonde lenye kina zaidi ya hapo linyooshwe kwa nyundo kwanza. Sawazisha kwa 180 ukitumia ubao, si kiganja, maana kiganja kinafuata mawimbi. Praima ya kujaza, msasa wa maji 400, kisha 800 kabla ya rangi.

Ukungu mweupe ni unyevu wa Pwani: thina inayokauka haraka inapoza uso wa rangi, na mvuke unatua juu yake kama kwenye glasi ya maji baridi. Tumia thina ya taratibu, na upake kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, si alfajiri. Namba ya rangi ya kiwandani iko kwenye kibati cha injini, mstari ulioandikwa C/TR.

Hayo ni ya rangi ya duko, isiyotiwa hadina (kikaushio). Rangi za kuchanganya na hadina usizipulize nyumbani. Mvuke wake unaharibu mapafu moja kwa moja, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Tayarisha bodi mwenyewe, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gharama, kisha ipeleke kwa fundi rangi mwenye chumba na hewa ya kuvuta kwa bomba.

Tunataka kufunga mabenchi na turubai nyuma ili watoto wapande kwenda shule. Boliti za ukubwa gani? – Mama wa watoto wanne, Mwanza

Mama, hakuna boliti ya kukupa. Sakafu ya nyuma ni bati jembamba lisiloweza kushika benchi siku ya ajali, na turubai lililofungwa mbele na wazi nyuma linavuta moshi wa ekzosi ndani, moshi ambao watoto hawatausikia kabla ya kusinzia. Pesa hiyo ifunge mikanda ya nukta tatu ndani ya kebini. Tafuta kwanza matundu ya kiwandani yenye nyuzi, mara nyingi yamezibwa kwa plastiki. Pasipo na matundu hayo, boliti ya mkanda ya inchi 7/16 ipite kwenye chuma cha nguzo na sahani ya milimita 50 kwa 50, unene 3, nyuma yake. Watakaozidi viti wasubiri safari ya pili.

Datsun 1200 ya babu inawaka vizuri, ikipata moto inakatakata na kuzima. Ikipoa dakika ishirini inawaka tena. – Msomaji, Machakos

Ikizima tu, fungua kifuniko cha filta ya hewa, chungulia kwenye kabureta na uvute waya wa pedali ya mafuta. Ukiona petroli inaruka kama mkojo wa panzi, mafuta yapo; hamia kwenye moto. Isiporuka, petroli inachemka njiani: kagua kizuizi cha joto chini ya kabureta, na bomba lisilale juu ya manifoldi.

Moto ukiwa wa njano na mwembamba, fungua distributa. Kontakti zikiwa na kishimo upande mmoja na kilima upande wa pili, kondensa imekufa. Ibadilishe pamoja na kontakti, nafasi milimita 0.45 hadi 0.55. Kontakti zikiwa safi, shika koili: isiyoshikika kwa joto imechoka, au ni ya kutumia na rizista na mtu aliiunga moja kwa moja kwenye volti 12. Valvu za A12, injini ya Datsun hii, zipimwe injini ikiwa ya moto, 0.35 zote, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Waya za plagi za hii gari ya babu huenda zilishachanganywa na mtu akatoboa kabureta kutafuta kosa, kwa hiyo hesabu mpangilio huo kabla hujagusa skrubu yoyote.